SAT au ACT kwa aliyemaliza kidato cha nne?

MamaShela: Asalaam aleikum. Kijana wangu kamaliza KCSE, ataka kusoma Marekani. Nimlipie SAT au ACT, ile mitihani ya kuombea vyuo vya huko? Pesa nilizonazo ni za mtihani mmoja tu.

Baharia77: Waaleikum salaam. Kapata gredi gani? Aomba vyuo vipi? Hujasema kitu, mama.

TichaHesabu: SAT! Siku hizi ni ya kompyuta, saa 2 na dakika 14, alama 400 hadi 1600, na kikokotoo kimo humo humo kwenye programu. Aliyeiva hesabu za KCSE hababaiki. Kibarua ni kile Kiingereza.

MtuWaMokowe: Ticha na SAT yako! ACT nayo sayansi imekuwa hiari tangu 2025, ni fupi kuliko zamani. Alama za juu ni 36.

BintiMalindi: Kabla ya yote, mama, tazama pasipoti. Mdogo wangu alijiandikisha kwa jina la cheti, Mohamed. Pasipoti yasema Mohammed, M mbili katikati. Tumetoka Malindi alfajiri, tumefika Mombasa, msimamizi kashika pasipoti huku, karatasi huku, anasoma herufi moja moja kwa kidole. Akasema hapana. Tukamsihi, tukampigia simu baba azungumze naye, wapi! Mtoto kakaa nje ukutani na laptop ya kuazima mapajani, wenzake waingia. Ada haikurudi.

TichaHesabu: Pole. Ila hilo si kosa la SAT.

BintiMalindi: Nani kasema ni la SAT?

Baharia77: Ndiyo maana nauliza vyuo. University of California hawatazami alama hizo kabisa. MIT walirudisha sharti la alama hizo 2022, Harvard wakatangaza hivyo hivyo 2024. Vyuo vingi bado ni hiari. Huenda mama akalipia bure.

MamaShela: Kapata B+. Ataka uhandisi. Vyuo hajachagua. Baba yake asema aende Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, awe karibu.

MtuWaMokowe: Huyo baba asikizwe!

TichaHesabu: Pwani na uhandisi wapi na wapi? Mwache mtoto ajaribu.

MtuWaMokowe: Na nauli ya kutoka Lamu hadi Mombasa kwenye mtihani je? Basi, kulala, kula.

Baharia77: Apande ndege pale uwanja wa Manda.

MtuWaMokowe: Kwa bei hiyo si heri alipie mitihani yote miwili?

MamaShela: Haya, aende kwa basi. Boti ya kwanza ya kuja Mokowe kwenye mabasi yaondoka saa ngapi siku hizi?