Vespa PX 150 ya marehemu baba inapanda mzunguko yenyewe baada ya kuwekewa pistoni mpya: nifungue injini mwenyewe?

Mwana wa Bububu

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu Vespa PX 150 aliyoniachia marehemu baba yangu hapa Unguja. Kwa zaidi ya miaka 20 aliitumia kwendea kazini mjini, na baada ya yeye kufariki ilikaa miaka sita katika banda la uani, imefunikwa turubai, petroli ikiwa bado ndani ya tangi. Mwaka jana niliamua kuifufua. Usafiri ninao, na sina nia ya kuiuza. Ninachokipenda ni kukaa nayo Jumamosi na Jumapili, kuifungua kipande kimoja baada ya kingine, na kuona kinachoendelea ndani ya kitu ambacho utotoni nilikuwa nikikipanda nimesimama mbele ya baba, mikono yangu ikiwa katikati ya mikono yake.

Nilisafisha tangi kwa siki, nikasafisha kabureta, nikabadilisha plagi, tairi zote mbili na waya za klachi na gia. Ikawaka, ikatembea vizuri wiki mbili. Siku ya safari yangu ya kwanza ndefu, njia ya Mkokotoni, ilianza kukosa nguvu, kisha tairi la nyuma likakaza ghafla. Fundi niliyempelekea alikuta pistoni imekwama, akachonga silinda na kuweka pistoni na ringi mpya. Tangu nilipoipokea huwaka mara moja ikiwa baridi, lakini baada ya mwendo wa dakika kumi, nikiachia mkono wa mafuta mzunguko wa injini haushuki. Unabaki juu, wakati mwingine unapanda zaidi, kisha inazimika. Kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kupewa mafuta, haitulii hata kidogo. Plagi ikitolewa inakuwa nyeupe.

Fundi ameshairekebisha kabureta mara tatu na sasa anataka ninunue mpya. Jirani yangu ananishauri niondoe injini hii ya mipigo miwili na kuweka ya mipigo minne. Kuna jambo ambalo sote hatujaliona? Na je, mtu asiye fundi, mwenye spana za kawaida na subira, anaweza kulitafuta mwenyewe bila kuharibu zaidi?

Fundi wa Zamani

Waleikum salaam, mwanangu. Mimi nimezifanyia kazi skuta hizi tangu zile za kabla ya PX, na kwanza nakuomba usiiendeshe tena mpaka chanzo kipatikane, kwa sababu pistoni yako mpya inaelekea kulekule ilikokwenda ile ya kwanza.

Injini hii hailainishwi kama injini ya gari. Oili inaingia pamoja na petroli, na mchanganyiko huo unapitia kwanza chumba cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla ya kupanda kwenye silinda. Chumba hicho hakina budi kuwa kimezibwa kabisa. Kwenye ncha mbili za krenki kuna sili za mpira: moja upande wa klachi, nyingine upande wa flaiwili, yaani lile gurudumu lenye mapezi ya feni. Mpira uliokaa miaka sita bila kuguswa na oili hukakamaa, na midomo yake haiukumbati tena mhimili. Injini ikipata moto, hewa hupenya hapo, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo; na kwa kuwa oili husafiri na petroli, oili nayo inapungua. Mzunguko unapanda wenyewe, plagi inakuwa nyeupe, pistoni inatanuka kwa joto na kukwama. Hayo yote umeyaeleza wewe mwenyewe katika barua yako. Aliyekutengenezea alibadilisha kilichoharibika bila kuuliza kimeharibiwa na nini, na kabureta utaizungusha mpaka uchoke kama hewa inaingia mahali pengine.

Sasa sili ipi? Ile ya upande wa klachi ina oili ya gia nyuma yake. Ikivuja, injini huvuta oili hiyo na kutoa moshi mwingi mweupe, na oili ya gia hupungua. Pasha injini kidogo, izime, fungua nati ya chini na uipokee oili yote kwenye chombo chenye vipimo. Kiasi chake kamili ni mililita 250 za SAE 30. Ukipata pungufu kwa kiasi kikubwa, na chini ya injini hakuna palipolowa, sili ya klachi ni mbovu, na hiyo haibadilishwi bila kushusha injini na kuipasua katikati. Ukipata kiasi kamili na moshi ni wa kawaida, shughulika na upande wa flaiwili. Hapo una bahati, kwa sababu sili hiyo hutolewa kwa nje bila injini kushuka.

Utatoa kifuniko cha feni, utafungua nati ya katikati, kisha utavuta flaiwili kwa pula, kifaa chake maalumu cha kuing'olea. Usiipige nyundo wala kuibinua kwa bisibisi: mapezi huvunjika, na krenki hupinda. Nyuma yake kuna sahani ya koili zinazozalisha umeme wa cheche. Kabla ya kulegeza skrubu zake tatu, kwaruza mstari mmoja unaopita kwenye sahani na kwenye injini, ili uirudishe palepale ilipokuwa, maana majira ya cheche yanategemea nafasi hiyo. Ukikuta uchafu mweusi wenye majimaji ya oili nyuma ya sahani, umeshampata adui. Angalia pia mhimili wenyewe mahali ambapo mdomo wa sili hugusa. Kama kuna mfereji unaohisika kwa kucha, sili mpya haitadumu. Na usikipoteze kile kichuma kidogo chenye umbo la nusu mwezi kinachoshika flaiwili.

Jambo moja la usalama. Siku mzunguko ukipanda na kugoma kushuka, huenda hata swichi isiizime, kwa kuwa pistoni iliyopata moto mkali huweza kuwasha mafuta bila cheche. Vuta choki mpaka mwisho ili injini ipate petroli nyingi ipoe, kanyaga breki, weka gia ya juu na uachie klachi. Itazimika.

Mpita Njia

Mimi ningeinunua skuta mpya ya gia otomatiki na hii ningeiweka ukumbini kama kumbukumbu. Nasema kwa nia njema kabisa, kwa sababu najua gharama ya kuhangaika na chombo cha zamani ukiwa na watoto wanaosoma.

Msafiri wa Likoni

Shikamoo, Mzee Fundi. Maelezo yako ya sili nayakubali, lakini kwa heshima ningemwomba kaka yetu asiishike flaiwili kabla ya kumaliza mambo mawili mepesi.

La kwanza, tangi lililosafishwa kwa siki huendelea kuachia vumbi la kutu kwa muda mrefu, na jeti ndogo ya sailensi, kile kipande cha kabureta kinachopitisha petroli, ina tundu jembamba mno. Ikiziba, Vespa haitulii na huzimika. Itoe, ipulize kwa hewa, iangalie ukiielekeza kwenye mwanga, usiitie sindano. La pili, kabureta iliyofunguliwa na kufungwa mara tatu huenda imekazwa kupita kiasi. Bolti zake mbili ndefu zikikazwa kwa nguvu nyingi, tako la kabureta hupinda na kuruhusu hewa kupita chini yake, na dalili zake zinafanana sana na hizo za sili. Liweke juu ya kipande cha kioo: likicheza, limepinda. Skrubu ya hewa iliyo nyuma ianzie mzunguko mmoja na nusu kutoka mahali inapofungika kabisa, ndipo urekebishe.

Tahadhari nyingine ni ya vipuri. Huku kwetu vingi ni vya India, hasa vya LML, kiwanda kilichotengeneza skuta za umbo hili hadi 2017, na vingi vinaingia bila shida. Hata hivyo injini kadhaa za LML zina mlango tofauti wa kuingizia mchanganyiko, kwa hiyo gasketi ya chini ya kabureta ilinganishe na ya zamani kabla ya kulipa.

Binti Shangani

Kaka, mimi si fundi kwa kazi. Ninafanya kazi ofisini, na Vespa yangu nimeifungua na kuifunga mwenyewe uani kwetu, hivyo swali lako la mwisho nalijibu kwa moyo wote: inawezekana. Kilichonisaidia si ujuzi. Ni makopo ya maziwa ya unga yenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na picha ya simu kabla ya kugusa kila nati. Pula ya flaiwili inunue iwe yako. Mimi nilijaribu kuazima, nikakwama mwezi mzima.

Umesema umebadilisha tairi zote mbili, nami nilishituka, kwa sababu rimu za Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Nati zinazoshika gurudumu kwenye ngoma ya breki ni tofauti na zile zinazounganisha vipande hivyo. Atakayelegeza hizi za pili tairi likiwa na upepo, rimu hupasuka usoni pake. Toa upepo wote kwanza, kila mara, hata ukiwa na haraka.

Na tafadhali, kabla ya kufikiria rangi, inua mkeka wa sakafuni. Bububu ni pwani kama kwetu Mji Mkongwe, na chumvi hukaa chini ya mkeka, kwenye mhimili wa katikati wa bodi na mahali stendi inapofungwa. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi bila huruma. Bati likitoboka, mtafute fundi wa kuchomelea akate sehemu mbovu na kuweka bati jipya. Wale wanaojaza kwa puti na kupaka juu wanakufichia kutu iendelee kula ndani. Bodi nyingine yote, kama rangi ya baba yako bado ipo, mimi ningeiacha ilivyo, hata kama imekwaruzika. Ninayo Vespa ambayo niliharakisha kuipaka rangi mpya yote, na leo natamani ningeiona tena ile ya kwanza.

Kuhusu injini ya mipigo minne, namba ya injini kwenye kadi ya usajili haitalingana tena na iliyopo. Kwenye P150X, jina la awali la PX 150, namba ya injini huanza na VLX1M na ya bodi huanza na VLX1T. Kama zako bado ni za asili, zihifadhi.

Mwana wa Bububu

Nimerudi na majibu, na nimeyafuata mambo kwa mpangilio wa kaka wa Likoni kwanza, kisha wa Mzee. Ndugu Mpita Njia, nimeuelewa wasiwasi wako, na matumizi ya skuta hii nayapanga mbali na ada za watoto.

Jeti ya sailensi ilikuwa na kutu kidogo, nikaipuliza. Tako la kabureta halikucheza kwenye kioo. Nikaijaribu uani, tatizo likabaki lilelile. Oili ya gia ilitoka mililita 240, na moshi wa injini haukuwa mwingi, kwa hiyo sikuona sababu ya kuishusha injini. Jumapili nilinunua pula nikavuta flaiwili. Nyuma ya sahani ya koili kulikuwa kumelowa uchafu mweusi kama Mzee alivyosema, na sili nilipoitoa ilikuwa ngumu kiasi kwamba mdomo wake ulikatika nilipoubinya. Mhimili hauna mfereji. Niliipaka sili mpya oili kwenye mdomo, nikaigongea polepole kwa soketi yenye upana wake mpaka ikakaa sawasawa, nikarudisha sahani kwenye mstari niliokwaruza na kufunga.

Plagi niliyoweka ni B7HS, mwanya wa 0.6 mm, na mchanganyiko napima kwa chupa ya dawa yenye vipimo: mililita 100 za oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwa kila lita 5 za petroli, kwa kuwa Vespa yangu haina tangi la oili linalojichanganyia lenyewe. Nimekwenda nayo Mahonda na kurudi bila kuibana, nikisimama mara mbili ipoe. Nikiachia mkono wa mafuta, mzunguko unashuka na kutulia. Plagi imeanza kupata rangi ya kahawa.

Dada wa Shangani, nimeinua mkeka. Upande wa kanyagio la breki bisibisi imezama mahali pawili, na fundi wa kuchomelea anakuja Ijumaa baada ya sala. Rangi ya baba haiguswi.

Imebaki gia ya pili, ambayo huruka nikipanda mlima. Mzee, nadhani utaniambia ule msalaba wa gia, kichuma chenye pembe nne kinachoshika gia, umelika, na kwamba safari hii injini haina budi kushuka na kupasuliwa. Kama ni hivyo, nitaifanya kazi hiyo baada ya masika, na nitabadilisha sili ya klachi wakati huohuo.

Fundi wa Zamani

Ni msalaba, mwanangu. Ukiutoa, angalia pembe zake nne. Zikiwa zimelika na kuwa mviringo, usiurudishe. Nunua na seti nzima ya gasketi, na ukiwa tayari niandikie, nitakuja Bububu mwenyewe tuifungue pamoja.