Naomba ushauri: mbwa wangu wa aina ya Beagle nimpeleke saluni au nimhudumie mwenyewe?

Habari zenu wakuu. Nina Beagle dume, niko Dar. Manyoya yake ni mafupi ila yana tabaka mbili, yanapukutika hadi kwenye mashuka, na nguo nyeusi nimeshaziaga. Saluni moja ya mbwa wanataka kumnyoa eti apoe. Sijashawishika, maana manyoya hayohayo ndiyo yanamkinga na jua.

Kinachonisumbua zaidi ni masikio. Yamelala, ndani kuna nta ya kahawia yenye harufu kama ya hamira, na anatikisa kichwa usiku kucha. Hapo si nianze na daktari wa mifugo kabla ya saluni?

Wenye brashi ya mpira, mnamsugua akiwa mkavu au akiwa na povu? Na kucha nyeusi mnakata vipi bila kugusa mshipa?