Ushauri: nataka kushusha Peugeot 504 stesheni wagoni ya marehemu baba, nipo Moshi

Mjukuu wa Kibosho:

Wakuu, habari za jioni. Nina Peugeot 504 stesheni wagoni, ile ya viti safu tatu, niliyoachiwa na marehemu baba. Ilikaa miaka minane chini ya mparachichi nyumbani Kibosho. Injini imeamka, kabureta imesafishwa, kutu ya chini ya milango imekatwa na kuchomelewa bati jipya.

Sasa nataka iketi chini. Nimeona picha za wagoni za zamani zilizoshushwa, ule mstari mrefu wa paa ukilala karibu na lami, nikakosa usingizi. Fundi mmoja hapa mjini anasema atakata mizunguko miwili kila springi ya mbele, nyuma "atazichoma kidogo zilale", na kwa siku moja gari litakuwa limeshuka sentimita 7. Natafuta pia rimu za inchi 15, na nataka kutoka rangi nyeupe kwenda kijani iliyokoza.

Nafanya kazi Arusha, narudi Moshi kila Ijumaa. Desemba gari hili ndilo litakalopandisha ukoo Kibosho. Nianzie wapi? Na je, si vibaya kuligusa gari la baba namna hii? Mama hajasema neno, ila jioni namwona analizunguka anaangalia.

Fundi Mstaafu, Unga Limited:

Mdogo wangu, pole kwa kufiwa na mzee. Umefanya jambo jema kuliamsha.

La kwanza: moto usisogee kwenye springi. Ule ugumu wa springi umepatikana kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukiichoma gereji unauondoa, na hakuna anayeweza kuurudisha hapo uwanjani. Haitashuka mara moja ikatulia. Itaendelea kulala kila ukipakia, upande mmoja zaidi ya mwingine. Nimewahi kupokea gari la namna hiyo, springi imekatika kwenye matuta ya Usa River na tairi limekula fenda.

Kukata kwa grainda, taratibu, bila kuipasha, kunawezekana. Lakini piga hesabu. Springi yenye mizunguko 7 inayofanya kazi, ukiondoa 2, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 40. Shokapu zako za zamani haziwezi kuizuia hiyo, gari litarukaruka. Tena springi ikishakuwa fupi na shokapu ni ndefu, gurudumu likining'inia springi inalegea na inaweza kutoka kwenye kikombe chake. Kwa hiyo ukikata springi, bajeti ya shokapu fupi iwe tayari mfukoni siku hiyohiyo.

Nyuma ndipo watu wanapokosea. Wagoni si saluni, yaani gari dogo la kawaida lenye buti, iliyoongezwa paa. Saluni za 504 kwa kawaida zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Wagoni ina ekseli nzima na springi nne, mbili kila upande, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na nyuma ni mita 2.90 badala ya 2.74. Peugeot waliijenga kwa mzigo. Ukigusa springi za nyuma, gusa zote nne kwa kipimo kimoja.

Kisha lala chini ya gari utazame vitu viwili. Kuna fimbo ya kukingama inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia. Ukishusha, inaivuta ekseli pembeni, na tairi la upande mmoja linakaribia bodi. Cha pili ni vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa mkono mdogo. Vali hiyo husoma mzigo kwa kutazama nyuma imekaa chini kiasi gani. Ukishusha bila kuirekebisha, itadhani umepakia gunia kumi na kupeleka breki nyingi nyuma wakati gari ni tupu. Mvua za Aprili pale Tengeru, nyuma itafunga kwanza na kukugeuza. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Kijana wa Pasua:

Shusha kaka! 504 iliyolala vizuri hakuna gari linaloifikia kwa sura. Kama ni pesa ya shokapu, subiri mwezi mmoja mbele.

Dereva wa Njiro:

Mkuu, mimi nilishusha wagoni ya Toyota sentimita 6. Barabara kuu ya Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80 na lami ni nzuri, shida ni matuta na njia ya kuingilia nyumbani. Nilipasua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Matairi ya mbele yaliisha upande wa ndani kwa sababu sikupiga alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, baada ya kushusha.

Fanya hivi kabla ya kukata chochote: jaza watu saba na mzigo wa Desemba, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ekseli na stopa ya raba, ile inayozuia ekseli isigonge bodi. Mimi nisingekula zaidi ya nusu ya nafasi hiyo. Ni gari lililoshinda Safari Rally 1975 na 1978, na sehemu kubwa ya sifa yake ni ile safari ndefu ya springi. Usiitupe yote.

Kuhusu rimu: tairi la 185 la inchi 14 lina kimo cha karibu milimita 650. Ukiweka 195/65 inchi 15 unapata karibu 635, kwa hiyo gari linashuka karibu milimita 8 bila kukata chochote. Ila pima nafasi za nati kwenye habu kabla ya kulipia rimu.

Mama Neema, Machame:

Mwanangu, ukibadili rangi, kadi ya gari nayo lazima ibadilishwe TRA, na bima waambie ulichofanya. La mama yako sisi hatuwezi kulijibu. Mkalie umuulize.

Mjukuu wa Kibosho:

Asanteni sana wakuu, shikamoo Mama Neema, shikamoo Fundi. Jumapili baada ya misa nimewapakia shangazi zangu wawili, watoto wanne, mimi kwenye usukani na mikungu mitatu ya ndizi nyuma. Nafasi iliyobaki kwenye stopa ni sentimita 6. Kwa hiyo nashusha 3, mbele na nyuma. Yule fundi nimemwambia sitachoma. Shokapu fupi nimeagiza, na mkono wa vali ya breki nimeuona, upo na unacheza.

Mama nimemuuliza. Amesema baba aliichagua nyeupe kwa sababu alitaka aione akiwa mbali, ikipanda kilima inakuja nyumbani. Kushusha hana neno. Ameomba keria ya juu nayo isiondolewe.

Rangi inabaki nyeupe, keria inabaki. Jumamosi tunafungua springi za mbele.

Fundi Mstaafu, Unga Limited:

Nitakuja na kibano changu cha springi. Usiifungue bila hicho, usije ukaumia.