Mliotuuzia mfumo wa kununua zabibu: else mliiacha wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna jamaa alilipwa na chama chetu cha wakulima huku Hombolo atengeneze mfumo wa mizani. Kaandika kwa PHP (lugha ya kuandikia programu), kachukua chake, simu hapokei. Sasa msimu wa zabibu umepamba moto, mzee kashusha matenga tangu alfajiri, stakabadhi inatoka imeandikwa malipo sh. 0. Ananikodolea mimi macho kama nimemwibia!

Nimefungua faili lenyewe. Oneni wenyewe:

foreach ($mizigo as $m) {
  if ($m['daraja'] == 'A') $bei = $bei_A;
  elseif ($m['daraja'] == 'B') $bei = $bei_B;
  $malipo = $m['kilo'] * $bei;
}

Daraja C je? Karani akichapa 'a' ndogo je? Hakuna else, yaani tawi la "vinginevyo" la kukamata yasiyo A wala B. Mzigo huo ukiwa wa kwanza, $bei haipo, PHP inaichukulia null (tupu), ukizidisha na kilo unapata sifuri, kazi inaendelea. Na sifuri afadhali, inaonekana. Balaa ni mzigo huo ukija katikati ya lupu (hiyo foreach inayopita mzigo mmoja mmoja): PHP haifuti $bei kila mzunguko, kwa hiyo mtu analipwa bei ya aliyemtangulia foleni! Mwenye C nyuma ya A kaneemeka. Mwenye A aliyeandikiwa 'a' nyuma ya B kapunjwa mchana kweupe, na stakabadhi imetulia kabisa. Utamkamata nani?

Tena PHP inasema. Tangu toleo la 8.0, mwaka 2020, kosa hili la kutumia kigezo ambacho hakijapewa thamani limepandishwa kutoka notisi hadi onyo. Mtaalamu wetu kafanyaje? Mstari wa kwanza wa faili: error_reporting(0), yaani zima maonyo yote. Kamfunga mbwa mdomo ili alale usingizi.

Wa Java najua mtakuja na "kwetu haikompaili", yaani programu inakataliwa kabla hata ya kuanza kazi. Sawa, hapo mmetushinda. Wa Python tulieni, ndani ya lupu nanyi mnarithi bei ileile.

Na wewe uliyenishauri kule WhatsApp niweke $bei = 0 juu kabisa ya faili, hapana! Hapo onyo linazimika na mkulima bado hana hela. Nimeandika upya kwa match ya PHP 8, inayolinganisha daraja na orodha: daraja lisilojulikana linarusha kosa la UnhandledMatchError, mzigo unasimama, karani anarudi kuhakiki.

Faili zilizobaki nazipitisha PHPStan (programu ya kukagua makosa ya PHP) usiku huu. Mwenye nakala ya mkataba wa mfumo wenye kipengele cha matengenezo aiweke hapa, maana huyu jamaa tunamfuata hukohuko aliko.