Kenya: kifungu 2A cha katiba, kilichoruhusu chama cha KANU pekee, kilifutwa 1991, mbona KANU ilidumu madarakani hadi 2002?

Swali: Wakuu, vyama vingi vilirudi Desemba 1991. Rais Moi wa KANU alishindaje tena 1992 na 1997?

Jibu 1: Kilichofutwa ni mfumo wa chama kimoja, mitambo ya dola ilibaki. Rais aliteua tume ya uchaguzi; vibali vya mikutano vilitoka kwa utawala wa mikoani hadi mageuzi ya 1997.

Jibu 2: Angalia na hesabu. Ilitosha kuongoza kwa kura na kupata 25% katika mikoa 5 kati ya 8. FORD, chama cha upinzani, ikapasuka, Moi akapita 1992 na takriban 36%. Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura, pamoja na 25% katika kaunti 24 kati ya 47.

Jibu 3: Msisahau ukomo wa mihula miwili ya urais, ulioingizwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huo ndio uliomzuia Moi 2002.