Tupeane uzoefu: makato ya maduka ya programu na katazo la kumwelekeza mteja kwingine

Ndugu wadau, naomba tupeane uzoefu wa kuuza kazi zetu kupitia maduka makubwa ya programu za simu. Nianze na yangu, bila kulitaja duka lenyewe.

Nina programu ya kujifunzia kusoma, ambayo mteja huilipia kila mwezi. Toleo la nne lilikataliwa na wakaguzi, nami nikatumia siku mbili kutafuta hitilafu isiyokuwepo, kumbe kilichowakera ni sentensi moja katika ukurasa wa msaada: “Unaweza pia kulipia kupitia tovuti yetu.” Nilitumiwa picha ya skrini, sentensi hiyo ikiwa imezungushiwa duara jekundu. Nilipoifuta, bila kugusa kitu kingine chochote, toleo lilipita asubuhi iliyofuata. Tangu hapo naona kwamba tunapolalamikia asilimia 30 ya mauzo inayokatwa na duka tunalalamikia lililo dogo. Mfanyabiashara huweza kuvumilia kodi ya kibanda akiijua mapema. Kinachomwumiza ni kukatazwa kumwambia mteja aliyesimama mbele yake kwamba bidhaa ileile ipo mlango wa pili kwa bei nafuu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, kuhusu makato natofautiana nawe kwa upande mwingine: kwangu si mzigo hata kidogo. Ninafanya kazi peke yangu na mapato yangu hayakaribii dola milioni 1 kwa mwaka, kwa hiyo tangu 2021, Apple na Google zilipowapunguzia wadogo, ninakatwa asilimia 15. Kabla ya hapo niliwahi kuuza programu ya kompyuta kwenye tovuti yangu mwenyewe, na jioni zangu ziliishia katika kuwajibu watu ambao kadi zao zimekataliwa au wanaodai kurudishiwa fedha. Sitamani kurudi huko. Hilo la kufungwa mdomo, hata hivyo, sina la kulitetea.

Mchangiaji wa pili

Hilo ndilo dai lililosalia mengine mengi yalipoanguka katika kesi ya Epic Games, kampuni ya michezo ya video, dhidi ya Apple. Epic ilishtaki mwaka 2020, baada ya mchezo wake wa Fortnite kuondolewa dukani kwa kuweka njia yake ya malipo. Septemba 2021 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers alisema Epic haikuthibitisha kwamba Apple ni mkiritimba kwa mujibu wa sheria ya shirikisho la Marekani, lakini akaamuru watengenezaji waruhusiwe kuwaelekeza wateja kwenye malipo ya nje. Januari 2024 Apple iliruhusu viungo hivyo, ila ikaweka kamisheni ya hadi asilimia 27 kwa mauzo ya nje ya duka. Ongezeni gharama ya kuchakata kadi, ambayo ni karibu asilimia 3, mtaona ruhusa hiyo ilikuwa na thamani gani. Aprili 2025 jaji huyohuyo aliamua kwamba amri yake ilikiukwa kwa makusudi.

Uzoefu wangu mwenyewe ni wa Ulaya, ambako masharti ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali yalianza kuyabana makampuni haya Machi 2024. Niliweka kiungo cha kulipia nje, kisha nikampa dada yangu simu aijaribu programu. Alipofika kwenye onyo la duka kwamba sasa anatoka katika mazingira salama, aliinua macho akaniuliza kama nimemwekea virusi. Sheria ilikuwa imenipa haki ya kusema, lakini maneno ya kunitambulisha kwa mteja yalikuwa bado yanaandikwa na mshindani wangu. Machi hiyohiyo ya 2024 Tume ya Ulaya iliitoza Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8 kwa sababu ya katazo hilihili katika programu za muziki, na mwaka uliofuata ikaongeza milioni 500 chini ya sheria hiyo mpya.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Kwa sasa nina kurasa mbili za msaada: ya wateja wa Marekani, yenye sentensi yangu, na ya kwingineko, isiyo nayo; kila ninaposasisha programu hukagua mara mbili nisije nikazichanganya. Waliouza Korea Kusini baada ya sheria ya 2021 kuzuia maduka kulazimisha mfumo wao wa malipo, tunaomba mtueleze kama makato yalishuka kweli.