Wakuu, nafasi ya kumi nimpe nani? Fundi rangi ananisubiri mwisho Jumamosi

Kalamu ya Nyegezi
Habari za jioni wakuu. Nimefungua kijiduka cha kuazimisha vitabu hapa Nyegezi, Mwanza, si mbali na stendi. Riwaya, tamthiliya, katuni za zamani, manga za Kijapani, chochote mtu anachosoma. Shilingi 500 kwa siku, ukichelewesha unaongeza 200. Ukuta wa ubavuni unatazama barabara, kama mita sita hivi. Nikaona nichoreshe vichwa vya waandishi kumi wakubwa kuliko wote, wa fasihi na wa katuni wakae pamoja, tena kwa mpangilio: wa kwanza mkubwa kama sinia la pilau, wanapungua hadi wa kumi kama kisosi.

Tisa nimeshawapanga. Shaaban Robert, Shakespeare, Kitereza, Kezilahabi, Achebe, Ngũgĩ, Osamu Tezuka wa manga, Stan Lee wa Spider-Man, Ben Mtobwa. Wa kumi ndiye amenikwama, usingizi siupati. Fundi anasema Jumamosi anahamia Igoma kuchora saluni, na mafundi mnawajua, akivuka Mkuyuni humpati tena. Nani wa kumi? Matusi hapana, naomba ushauri tu.

Dagaa Mkavu
Nimekaa siti ya mbele na michembe yangu. Endeleeni.

Mzee wa Makoroboi
Bwana mdogo, umemweka Mtobwa ukamwacha Elvis Musiba? Joram Kiango wa Mtobwa alijifunza kutembea kwa Willy Gamba wa Musiba! Kufa na Kupona ilitoka 1974. Mimi niliisoma bwenini kwa koroboi, zamu kwa zamu, kitabu kimoja vijana kumi na wawili, na kurasa za mwisho mtu alishazifanyia mambo yake. Nikahangaika miaka miwili sijui Willy ameishaje. Nikaja kukuta binti mmoja Kirumba anayo nzima, ina hata gamba lake. Ndiye mama watoto wangu. Zile kurasa mpaka leo sijazisoma, tulipokutana tulishika mengine.

Msomi Uchwara
Tatizo la mleta uzi ni kubwa kuliko nafasi ya kumi. Kwenye katuni mwandishi ni nani? Stan Lee unamhesabia Spider-Man wa 1962, lakini aliyemchora ni Steve Ditko, na Fantastic Four ya 1961 penseli ilikuwa ya Jack Kirby. Wale watu walifanya kazi hivi: Lee anatoa wazo, mchoraji anaivusha hadithi ukurasa kwa ukurasa, halafu Lee anarudi kujaza maneno. Sasa hapo nani kaandika? Bill Finger alimtengeneza Batman mwaka 1939 pamoja na Bob Kane, akafa 1974, jina lake likaja kuwekwa rasmi 2015. Vijana wawili waliomleta Superman, Siegel na Shuster, waliuza haki zote kwa dola 130. Kiti cha kumi mpe Kirby, ulipe deni la wengine.

Kalamu ya Nyegezi
Msomi asante, hoja nzito. Lakini Kirby watu wa Nyegezi hawamjui. Stan Lee mwenyewe, kwa ile miwani yake, mama mmoja ameshasimama kuuliza dawa ya macho inauzwaje. Na Tezuka na kofia yake ya bereti, madereva wanadhani ni jenerali wa Korea.

fundi_umeme
Eiichiro Oda, mjadala umefungwa. Manga yake One Piece imeanza 1997 na mtu bado anaandika. Mimi niliianza kidato cha pili, sasa nina watoto wawili na mkopo.

Kalamu ya Nyegezi
Oda bado kijana. Huyo asubiri.

Mzee wa Makoroboi
Basi wape wa nyumbani. Christian Gregory na Chakubanga wake kwenye gazeti la Uhuru. Au wale wa jarida la Sani, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, Lodi Lofa na Ndumilakuwili vilifundisha kusoma nusu ya nchi hii. Kijana aliyekimbia Juliasi Kaizari darasani alikuwa anapigana ngumi kwa ajili ya Sani.

Kalamu ya Nyegezi
Shikamoo Mzee. Hao nawaheshimu sana. Ila ni watatu, na nafasi ni moja.

Mtumishi wa Igogo
Kama ni Juliasi Kaizari, mpe Mwalimu Nyerere aliyeitafsiri, akaongeza na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, huku anaongoza nchi. Butiama si mbali, ni ng'ambo ya maji tu.

Kalamu ya Nyegezi
Kutafsiri na kuandika ni vitu viwili, Mtumishi.

Binti Sengerema
Nimehesabu mara mbili nikidhani macho yangu yana ukungu. Wanaume tisa. Mwana Kupona aliandika utendi wake mwaka 1858, kabla ya bibi yake bibi yako, na bado unasomwa. Penina Muhando katuandikia Hatia na mengine mpaka tukachoka kuigiza shuleni. Mama yangu alikuwa anasoma Rosa Mistika ya Kezilahabi imefichwa ndani ya debe la unga, kwa sababu shuleni kwao kilipigwa marufuku na baba yake alikuwa katekista. Siku aliyoshikwa, babu akakichukua akachome. Akakaa nacho jikoni hadi saa sita usiku. Asubuhi kitabu kikarudi kwenye debe, hakusema neno. Wanawake wamekula fimbo kwa ajili ya hivyo vitabu, ukuta mnajichora wenyewe.

Kalamu ya Nyegezi
Dada, sikatai. Lakini Mwana Kupona sura yake haijulikani. Fundi atachora nini?

Binti Sengerema
Na Kitereza je? Picha umeitoa wapi?

Kalamu ya Nyegezi
Sawa, hapo umenishika. Fundi alibuni. Ukweli alimchora babu yake mzaa mama, wa Geita. Lakini Kitereza ni lazima. Watu hawajui habari ya yule mzee. Kazaliwa 1896, kamaliza kuandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, hakuna aliyetaka kuchapa kitabu cha Kikerewe. Akakaa nacho. Akaja kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980. Miaka 35! Mwaka uliofuata akafariki, nakala hajaishika mkononi. Kitabu chote kile, mtu anadaiwa pombe ya ndizi na wakwe ndipo arudishiwe mke wake, wanakwenda kuhangaikia mtoto, miti na dawa na samaki wote wa ziwa wamo, na mwenyewe hakukiona. Nikiwaza hilo nashindwa kula. Kesho alfajiri navuka kwenda Nansio, nimeambiwa kuna mzee ana picha yake. Lazima asahihishwe.

fundi_umeme
Kitereza wa Ukerewe. Kezilahabi wa Namagondo, Ukerewe hiyo hiyo. Watu kumi wa dunia nzima, kisiwa kimoja kimetoa wawili. Wewe Mkerewe?

Kalamu ya Nyegezi
Mama ndiye.

Mtumishi wa Igogo
Halafu Kitereza kama alijitafsiri mwenyewe, si ulisema kutafsiri siyo kuandika?

Mzee wa Makoroboi
Bwana mdogo, mimi nimelea watoto, mtoto anayekataa kila chakula ujue ameshakula kwa jirani. Kirby hapana, Oda hapana, Sani hapana, Mwalimu hapana, bibi wa watu hapana. Hapo kwenye nafasi ya kumi pana nini?

Kalamu ya Nyegezi
Pako wazi.

Mzee wa Makoroboi
Wazi kabisa?

Kalamu ya Nyegezi
Fundi amepiga mstari wa penseli tu. Duara la kichwa.

Binti Sengerema
Kichwa cha nani?

Kalamu ya Nyegezi
Na miwani. Miwani imeshawekwa rangi.

fundi_umeme
Kaka. Miwani ya nani?

Kalamu ya Nyegezi
Yangu.

Kabla hamjacheka nisikilizeni. Nimeandika hadithi sehemu 214, makundi mawili ya WhatsApp, kila siku saa mbili usiku, umeme ukatike usikatike. Charles Dickens naye alitoa kwa vipande, Pickwick ilianza hivyo 1836, watu wananunua kipande wanangoja kingine. Shigongo kalea nchi nzima kwa vipande vya magazetini. Mbona wao ni waandishi na mimi ni mtu wa makundi? Kiswahili changu nimechapa kwa kidole gumba mpaka kimeota sugu. Na humu humu, mwaka juzi, niliweka sehemu ya kwanza hadi ya thelathini. Nilivyouliza wa kumi nimpe nani, nilidhani hata mmoja atanitaja.

fundi_umeme
😂😂😂 kama kisosi lakini, heshima ipo

Mtumishi wa Igogo
Majivuno hutangulia anguko. Musa anahesabiwa vitabu vitano na hakuomba ukuta. Jishushe ndugu yangu, futa hicho kichwa, uandike mstari mmoja wa Mithali, wateja watabarikiwa. Halafu swali dogo. Fundi umemlipa kiasi gani, na umeitoa wapi?

Kalamu ya Nyegezi
180,000, bado 60,000. Ilikuwa kwenye droo.

Binti Sengerema
Droo ya nani? Maana leo unatoa majibu kama meno ya mtoto, moja moja.

Kalamu ya Nyegezi
Mama watoto. Kikoba chao kilivunjwa mwezi uliopita, alitaka friza ya kuuzia sato wa barafu. Lakini hilo ni suala la familia, nitamrudishia kutokana na wateja. Biashara bila tangazo ni sawa na kumkonyeza mtu gizani. Na hajasema kitu, ameona ukuta akanyamaza.

Mzee wa Makoroboi
Amenyamaza? Mwanangu, kimbia.

Msomi Uchwara
Ngoja, ngoja. Wakuu tumekunywa chai kikombe kizima, tena ya iliki. Hebu rudini juu msome tena. Kila jibu linaishia penye kamba: nafasi iko wazi, halafu duara, halafu miwani, halafu droo, halafu kikoba. Huyu ni mtu wa hadithi za vipande, kasema mwenyewe. Hii ndiyo sehemu ya 215 na sisi ndio wahusika! Juzi nimepita Nyegezi kwenda Malimbe, sikuona ukuta wowote wenye Shakespeare. Nikiona tangazo la kuku wa kisasa nitakuwa mkweli kusema nimeliona. Weka picha.

Kalamu ya Nyegezi
Kamera ya simu yangu ilipasuka tangu Pasaka.

Msomi Uchwara
Na kesho unakwenda Nansio kuchukua picha ya Kitereza kwa simu isiyo na kamera. Sawa.

fundi_umeme
Dah. Hapo kaka umejikaanga kwa mafuta yako. Mimi nilishaanza kukuonea huruma ya sugu la kidole.

Kalamu ya Nyegezi
Picha ya karatasi! Mzee ana picha ya karatasi, naiazima, namletea fundi. Nyie watu mna roho gani? Kitereza naye angeleta uzi humu mngemwambia aweke picha ya kitabu. Nalala, meli ya asubuhi.

Binti Sengerema
Kama ni chai, mwandishi nampa kumi bora. Kama si chai, huyo mkewe ndiye ninayemwombea.

Dagaa Mkavu
Mimi ile hadithi niliisoma. Ya mvuvi aliyevuta nyavu akatoa sanduku lenye kufuli mbili. Uliishia sehemu ya thelathini, sanduku halijafunguliwa, ukatokomea. Mwaka mzima nilikuwa naingia humu kuangalia. Kesho nina safari za abiria upande wa Nyegezi, pikipiki ninayo, nitapita nione.

Msomi Uchwara
Lete picha, Dagaa.

Dagaa Mkavu
Saa saba mchana. Nimefika. Ukuta upo wakuu, ni ule wa nyuma ya banda la kuku wa kisasa, ukitoka stendi huuoni mpaka uvuke. Shaaban Robert mkubwa kweli, kama sinia. Shakespeare kola yake kama amevalishwa sahani ya supu. Kitereza naapa anafanana na mtu mmoja anauza nyavu Mwaloni. Jenerali wa Korea yupo. Picha nimewawekea hapo chini, jua linapiga lakini mtaona.

Wa kumi hayupo. Pana chokaa. Mbichi, nimeigusa imeniganda kidoleni. Miwani inaonekana kwa mbali chini yake kama samaki ndani ya maji machafu.

Msomi Uchwara
Nimeiona picha. Naomba radhi kwa sehemu ya chai. Kuhusu Kirby nimesimama palepale.

Dagaa Mkavu
Kuna dada amekaa mlangoni, ndoo na brashi pembeni yake. Nimemuuliza leo vitabu vinaazimwa? Kasema chukua unachotaka, vyote vinaondoka kabla ya saa tisa, friza inashushwa. Nimechukua Kichwamaji na Sani mbili, kakataa hela. Anaandika bei ya sato kwenye kipande cha boksi, mwandiko mzuri sana.

Kalamu ya Nyegezi
Amevaa kitenge gani?

Dagaa Mkavu
Cha kijani, kina samaki.

Binti Sengerema
Dagaa, kabla hujaondoka muulize kama nafasi ya kumi bado iko wazi.

Kalamu ya Nyegezi
Wakuu, mwenye ratiba ya leo, meli ya kurudi Mwanza inatoka Nansio saa ngapi?